Simu Ilikuwa Pale, Mwenye Simu Je? Jinsi Polisi Wanavyopata Ushahidi wa Simu Baada ya Mtu Kupigwa Risasi

Mtu akiuawa kwa risasi, hazipiti saa nyingi kabla msemaji wa polisi hajatamka maneno tuliyoyazoea: "Tunafuatilia mawasiliano." Kuanzia hapo kila mtu anajijazia. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shemeji ataapa kwamba kampuni za simu zina sauti za mazungumzo yetu yote tangu siku tuliposajili laini. Binamu atajibu kwamba ukibadilisha laini umeshapotea machoni mwao. Na hakosekani yule mwenye rafiki anayefanya kazi "kwenye mitambo", ambaye amemwambia kwamba polisi wanakuona ulipo hadi chumba ulicholala.

Wote watatu wamekosea, na kila mmoja kwa namna yake. Ushahidi wa simu una nguvu sana, nguvu ya kumfunga mtu maisha, ila una tabia moja ambayo watu wengi hawaijui, na wakati mwingine hata mahakama huisahau: simu haimtaji mtu. Inataja laini, inataja chombo, inataja mnara. Kutoka hapo hadi kwenye jina la aliyefyatua risasi kuna safari, na sehemu kubwa ya upelelezi ndiyo safari hiyo.

Laini, chombo, mnara

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Laini ni kile kijikadi unachokisajili kwa kitambulisho. Ndicho chenye namba watu wanayokupigia. Chombo ni simu yenyewe, na kila chombo kinatoka kiwandani na namba yake ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Bonyeza *#06# utaiona. Simu ya laini mbili itakuonyesha IMEI mbili. Mnara ni ule mlingoti unaobeba antena, na mara nyingi antena hizo zimegawanywa pande tatu, kila upande ukihudumia takriban theluthi ya duara.

Ukipiga simu au ukituma ujumbe wa kawaida, kampuni inaandika vyote vitatu kwa pamoja. Ukichomoa laini yako ukaitia kwenye simu ya jirani, kampuni inaona namba ile ile kwenye IMEI nyingine. Ukitupa laini, ukanunua mpya na kuitia kwenye simu yako ile ile, inaona namba mpya kwenye IMEI ya zamani. Kwa hiyo ushauri wa binamu hauna msaada: aliyebadilisha laini na kubaki na chombo ameacha nyuzi mbili badala ya moja.

Karatasi inayotoka kampuni ya simu

Polisi wanaposema wamepata "rekodi za simu", usifikirie kanda ya sauti. Fikiria jedwali refu, lenye mistari mingi. Mstari mmoja, nikiubuni kwa mfano, unasema hivi: tarehe 14, saa 19:42:07, namba hii imepiga namba ile, sekunde 48, IMEI hii, mnara namba fulani, antena ya upande wa pili. Basi. Hakuna aliyesema nini, hakuna aliyecheka wala aliyetisha. Zile sekunde 48 zinaweza kuwa mpango wa mauaji na zinaweza kuwa mtu anaulizia bei ya mkaa.

Ili sauti ipatikane, lazima usikilizaji uwe umeanza kabla ya simu kupigwa, kwa utaratibu mzito zaidi wa kisheria. Kusikiliza kunaanzia leo kwenda mbele, hakurudi nyuma. Risasi ikishafyatuliwa, mazungumzo ya jana ambayo hakuna aliyekuwa akiyanasa yamekwenda na upepo.

Hata hivyo jedwali lile kavu linasema mengi kwa anayejua kulisoma. Mpelelezi wa mauaji huanza na simu ya marehemu, si ya mtuhumiwa, kwa sababu mtuhumiwa bado hana jina. Nani alimpigia mara ya mwisho? Nani aliyempigia mara tano ndani ya saa moja kabla hajatoka nyumbani? Ipo namba iliyokuwa ikizungumza naye kila siku, ikanyamaza ghafla dakika ile ile aliyouawa, kana kwamba mwenye namba alijua kwamba upande wa pili hapokei tena? Kunyamaza huko hakuthibitishi kitu kwenyewe, lakini mpelelezi mzoefu hapiti bila kupapigia mstari.

Kisha zinaulizwa namba zilizozungumza na namba zile. Hapo mtandao wa watu unaanza kujichora wenyewe. Baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, washambuliaji wenyewe hawakufika kizimbani. Waliofika walikuwa wengine, na Oktoba 2020 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani wanaume wawili kwa kuwasaidia washambuliaji. Mawasiliano yao ya simu na watu wale kabla ya shambulio yalikuwa nguzo ya kesi ya mashtaka. Hakuna aliyedai kwamba walishika bunduki. Rekodi zilionyesha nani alikuwa akizungumza na nani, na mahakama ikazisoma pamoja na ushahidi mwingine.

Afrika Mashariki ina jambo moja ambalo mpelelezi wa Chicago angelionea wivu: pesa za simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, laini imekuwa pia mkoba. Mtu mwangalifu anaweza asipige simu hata moja siku ya tukio, lakini alimtumia dereva wa bodaboda nauli. Alitoa pesa kwa wakala asubuhi yake, na wakala ana duka mahali panapojulikana, na huenda anamkumbuka. Muamala unabeba jina, saa na kiasi, na kiasi chenyewe mara nyingine ndicho swali: kwa nini mtu asiye na kazi apokee fedha nyingi siku mbili baada ya mfanyabiashara kupigwa risasi?

WhatsApp ni habari nyingine. Ukipiga kwa WhatsApp, kampuni ya simu inaona bando limetumika tu, haioni namba uliyompigia. Na tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwa usimbaji unaoanzia kwenye simu ya mtumaji na kuishia kwenye simu ya mpokeaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Anayetaka maneno yale hana budi kuyafuata yalipotua: kwenye simu ya mtumaji, kwenye simu ya mpokeaji, au kwenye nakala rudufu iliyohifadhiwa mtandaoni. Watu wanafuta upande wao wakidhani wamemaliza, wakati mwenzao upande wa pili hata hajui kwamba kuna kitu cha kufuta.

Mnara unajua nini hasa

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu ikiwa imewashwa inawasiliana na minara muda wote, na inapotumika, mnara ulioihudumia unaingia kwenye rekodi. Ndiyo maana mitaani tunasema "simu yake mara ya mwisho ilisoma Mbagala". Lakini kusoma Mbagala maana yake ni nini? Chukua adhana. Ukisikia sauti ya mwadhini wa msikiti fulani, tunajua uko ndani ya eneo linalofikiwa na vipaza sauti vyake. Hatujui uko nyumba gani. Pengine kuna msikiti ulio karibu nawe zaidi, ila ghorofa limekinga sauti yake na wewe unausikia wa mbali. Na alfajiri mji ukiwa kimya, utasikia hata ule ambao mchana huusikii kabisa.

Mnara ni hivyo hivyo. Simu haichagui lazima mnara ulio jirani; inachukua unaopatikana vizuri kwa wakati ule, na hilo hubadilika kwa majengo, vilima, na wingi wa watumiaji. Kariakoo au Eastleigh, penye minara iliyobanana, eneo la mnara mmoja linaweza kuwa la mita mia chache. Ukienda vijijini, mnara mmoja unaweza kuhudumia kilomita nyingi. Kwenye teknolojia ya kizazi cha pili kikomo cha kawaida ni kilomita 35. Kusema kwamba mtuhumiwa "alikuwa eneo la tukio" kwa sababu laini yake ilisoma mnara wa wilaya ile ni kusema kitu kidogo kwa sauti kubwa.

Wapo waliolipa gharama ya kutolijua hili. Mwaka 2019 Denmark ilisimamisha kwa miezi miwili matumizi ya rekodi hizi kama ushahidi mahakamani, baada ya kugundulika kwamba programu iliyokuwa ikigeuza data ghafi ya kampuni kuwa majedwali ya polisi ilikuwa ikiangusha baadhi ya taarifa, na kwamba mahali pa baadhi ya minara palikuwa pameandikwa kimakosa. Zaidi ya kesi 10,000, kuanzia mwaka 2012, ilibidi zipitiwe upya. Hiyo ni nchi tajiri yenye mahakama zilizotulia, na kosa lilikaa miaka bila mtu kuliona.

Mfano mwingine ni wa Baltimore, Marekani, kwenye kesi ya mauaji ya msichana wa shule mwaka 1999. Hakupigwa risasi, ila kesi ile imebaki darasa la ushahidi wa minara. Kampuni ya AT&T ilipotuma rekodi kwa polisi kwa faksi, ukurasa wa kwanza ulikuwa na tahadhari: simu zilizopigwa na mtu ndizo zinazoaminika kuonyesha mahali alipokuwa; simu zilizoingia kwake haziaminiki kwa kazi hiyo. Mashtaka yaliegemea simu zilizoingia. Ilichukua miaka mingi hadi jaji mmoja, mwaka 2016, kuagiza kesi isikilizwe upya kwa sababu wakili wa utetezi hakumhoji mtaalamu kuhusu ukurasa ule, na hata baada ya hapo kesi iliendelea kupanda na kushuka mahakamani. Ukurasa mmoja wa faksi, ambao kila mtu aliupindua bila kuusoma.

Kuna pia njia ya kuuliza mnara badala ya kuuliza namba. Polisi hawana jina wala namba ya mtuhumiwa, wanajua tu kwamba risasi zilisikika mahali fulani saa tatu kasorobo usiku. Wanaomba orodha ya simu zote zilizosoma mnara ule kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu. Mjini orodha hiyo inaweza kuwa na maelfu ya namba: wauza chipsi, wanafunzi, abiria wa daladala waliopita tu. Peke yake haifai kitu. Faida yake inaonekana kukiwa na matukio mawili au matatu sehemu tofauti: ukilinganisha orodha, namba iliyojitokeza kote inabaki juu ya chujio. Ubaya wake ni kwamba ili kumpata mmoja, taarifa za maelfu wasio na hatia zimepita mezani kwa polisi, na wenye taarifa hizo hawatajua kamwe.

Google nayo iliulizwa kwa mtindo huo Marekani kwa miaka kadhaa: polisi wanachora duara kwenye ramani, wanataka kujua akaunti zipi zilikuwa ndani yake. Taarifa za Google zilitokana na GPS na Wi-Fi, hivyo zilikuwa sahihi kuliko za mnara. Desemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itahamishia historia ya mahali kwenye simu ya mtumiaji mwenyewe, na bomba hilo likaanza kukauka.

Simu ikiwa mkononi mwa polisi

Chombo chenyewe ndicho chenye utajiri: picha, sauti zilizorekodiwa, ramani, ujumbe, hata saa ambayo skrini iliwashwa. Lakini kukishika si kukifungua.

Kazi ya kwanza ni kukitenga na mtandao, ama kwa kukiweka kwenye mfuko maalumu unaozuia mawimbi, ama kwa kuzima mawasiliano yake, ili mtu wa mbali asifute kila kitu. Ikiwa imewaka, mafundi hawataki izimike. Simu janja za sasa zikizimwa na kuwashwa upya, funguo za ndani hazipo kwenye kumbukumbu hadi namba ya siri iingizwe, na kuifungua kunakuwa kugumu maradufu. Apple iliongeza mwaka 2024 utaratibu wa iPhone kujiwasha upya yenyewe ikikaa siku tatu bila kufunguliwa, jambo lililowafanya wachunguzi wakimbizane na saa. Kisha vinakuja vifaa vya kufungulia na kunakili, maarufu kuliko vyote vikiwa vya kampuni ya Kiisraeli ya Cellebrite. Kinachotakiwa kufanyika ni kunakili yaliyomo bila kubadilisha kitu, kuikokotolea nakala alama ya kihisabati itakayoonyesha kama hata herufi moja imeguswa, na kuchunguza nakala huku simu ikibaki imefungwa kwenye bahasha yenye lakiri. Askari anayepekua simu ya mtuhumiwa kwa kidole chake kituoni, akifungua ujumbe huu na ule, anaharibu kesi yake mwenyewe kila anapogusa.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha San Bernardino, California. Tarehe 2 Desemba 2015 mume na mke waliwapiga risasi watu 14 wakafa, kisha wote wawili wakauawa na polisi. Simu zao binafsi walikuwa wamezivunjavunja. Ikabaki moja, iPhone 5C ya kazini, mali ya serikali ya kaunti aliyokuwa mwajiriwa mume. Mwenye mali aliridhia ifunguliwe, kibali cha mahakama kilikuwepo, na bado FBI walikwama mbele ya tarakimu nne, wakihofia kwamba baada ya majaribio kumi yasiyo sahihi simu ingejifuta. Kibaya zaidi, siku za mwanzo kabisa kaunti, kwa maelekezo ya FBI, ilibadilisha nenosiri la akaunti ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Kwa hatua hiyo walifunga njia rahisi kuliko zote: kuipeleka simu kwenye Wi-Fi inayoifahamu ili itume nakala yake mpya yenyewe.

Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple itengeneze programu ya kulegeza ulinzi. Apple ikagoma, ikisema ufunguo wa simu moja ni ufunguo wa zote. Kesi haikuamuliwa. Tarehe 28 Machi serikali iliiondoa, kwa sababu kuna watu wengine waliokuwa wameshaifungua kwa malipo. Kwa hiyo anayesema "iPhone haifunguki" na anayesema "polisi wanafungua simu yoyote" wote wanasema nusu. Inategemea toleo la simu, urefu wa namba ya siri, bajeti, na muda.

Na kidole cha marehemu? Mwaka 2018, mjini Largo, Florida, polisi walimpiga risasi mtu akafa, na siku chache baadaye wapelelezi wawili walikwenda na simu yake kwenye nyumba ya kuhifadhia maiti, wakashika kidole chake na kukibonyeza kwenye simu. Haikufunguka. Familia ilikuwepo jengoni. Sheria ya huko haikuwakataza waziwazi, lakini soma tena sentensi hizo ukiwaza ni baba yako.

Nani anatoa ruhusa

Kama kuna jambo moja ambalo filamu zinalipotosha, ni hili. Kila mlango una karatasi yake.

Marekani mambo yaliamuliwa kwa kesi mbili kubwa. Ya kwanza ilianzia San Diego, Agosti 2009: polisi walisimamisha gari lenye usajili uliokwisha muda, wakakuta bunduki mbili chini ya boneti, na simu mfukoni mwa dereva. Mpelelezi akaipekua simu bila kibali, akaona picha ya dereva yule akiwa mbele ya gari lililoshukiwa kutumika kwenye ufyatuaji risasi wiki chache nyuma. Dereva alihukumiwa kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilisema kwamba kumkamata mtu hakumpi polisi ruhusa ya kuingia kwenye simu yake. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba jibu la nini polisi wafanye kabla ya kupekua simu ni jepesi: wapate kibali. Inajulikana kama kesi ya Riley.

Ya pili, ya Carpenter, mwaka 2018, ilihusu rekodi za minara. Polisi walikuwa wamechukua bila kibali kamili rekodi za siku 127, zenye nukta 12,898 za mahali alipokuwa mshitakiwa. Majaji watano dhidi ya wanne walisema hapana: mkusanyiko kama huo unamwaga maisha yote ya mtu, hivyo unahitaji kibali cha hakimu, hata kama taarifa ziko kwa kampuni. Walibakiza upenyo wa dharura, kwa mfano mshambuliaji akiwa bado anakimbia na bunduki.

Kenya inafanana na hapo kwa kiasi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano, na ibara ya 50(4) inaitaka mahakama iutupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuukubali kutaharibu haki ya kesi. Mpelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huenda kwa hakimu kuomba amri, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inaeleza amri za upekuzi, za kutoa data na za kuzuia data isifutwe. Ukifika kizimbani unakutana na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilitolewa na mtambo gani, namna gani, na nani anayehusika nao. Ndiyo maana katika kesi nyingi za mauaji utamwona afisa wa kampuni ya simu akipanda kutoa ushahidi. Mawakili wa utetezi wanakipenda kifungu hicho kwa sababu nzuri.

Tanzania imepita njia nyingine. Chini ya kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza mwenyewe kutoa amri ya kutaka data kwa ajili ya upelelezi, bila kuanza kwa hakimu; mahakama inaingia baadaye, au kwa hatua nzito zaidi. Upande wa mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ya mwaka huo huo, kinamtaka hakimu apime rekodi ilivyozalishwa, ilivyotunzwa, na kama mtoaji wake anatambulika. Kwa maoni yangu, kumfanya anayetaka data awe ndiye anayejiruhusu ni udhaifu, hata pale mkuu wa kituo anapokuwa mtu mwema. Septemba 2024 ilisikika kwenye baraza la kazi jijini London kwamba aliyekuwa mchunguzi wa kampuni ya Millicom, iliyomiliki Tigo Tanzania, anadai kampuni hiyo iliipatia serikali taarifa za mahali zilipo simu za mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu kwa wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Ni madai. Lakini yanaonyesha kwa nini suala la karatasi si urasimu: taarifa ile ile inayomtafuta mwenye bunduki inaweza kumtafuta anayelengwa.

Kutoka laini hadi mtu

Turudi kwenye safari ile. Polisi wana namba iliyosoma mnara wa eneo la tukio dakika tatu kabla ya risasi. Imesajiliwa kwa jina la mama wa miaka 68 wa kijijini. Mama hajui lolote. Miaka miwili nyuma alisajili laini kwa kijana mwenye mwavuli, akaambiwa alama ya kidole "haijasoma", akaweka tena, na tena. Mara moja ilikuwa yake. Nyingine zilikwenda kuuzwa.

Sasa mpelelezi anauliza maswali mengine. Laini ile imekaa kwenye IMEI gani, na IMEI hiyo iliwahi kubeba laini gani kabla? Usiku, kati ya saa sita na saa kumi na moja, inalala mnara gani? Inampigia nani kila Jumapili? Mtu anaweza kununua laini ya kazi chafu, lakini hawezi kuacha kumpigia mama watoto. Kuna laini nyingine inayotembea nayo sambamba, mnara kwa mnara, dakika kwa dakika? Mbili zikisafiri pamoja kutoka Ubungo hadi Chalinze na kurudi, huenda ziko mifuko miwili ya suruali moja. Na zile kamera za kituo cha mafuta zinaonyesha nani akishuka garini saa ile ile ambayo laini ilipiga?

Na aliyezima simu? Ukizima, huandikwi kwenye mnara. Hilo ni kweli. Ila rekodi inaonyesha kwamba laini isiyozimwa kamwe kwa mwaka mzima ilizimika usiku ule kwa saa mbili. Wakili mzuri atasema chaji iliisha, na huenda iliisha kweli. Hapo ndipo mahakama inataka kitu cha nje ya simu: ganda la risasi linalooana na bunduki, shahidi aliyeona, alama ya vidole, pikipiki iliyotambuliwa. Kesi iliyosimama juu ya minara pekee inayumba. Iliyo na minara pamoja na vitu hivi ni ngumu kuiangusha.

Kama unaogopa kuwa ndiye yule mama wa kijijini, piga *106# (usiichanganye na ile ya IMEI). Tanzania itakupa njia ya kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na Kenya wateja wa Safaricom wanaitumia kwa kazi hiyo hiyo. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika na kitambulisho chako, waambie waifute, na uombe uthibitisho wa maandishi wenye tarehe.